Nilivyoipoteza swapu ya kompyuta ya saiba siku mbili kabla ya Juni 30

Saiba yangu iko Kayole, Nairobi: chumba kimoja, kompyuta tano, printa mbili, na skana ambayo mfuniko wake nimeufunga kwa uzi. Kompyuta zote ni mtumba, zile wanaita ex-UK, kila moja na RAM ya GB 4 na diski ya GB 500 ya kuzunguka. Zote zinatumia Ubuntu, aina ya Linux, badala ya Windows. Wateja wapya hunishangaa kwa hilo, lakini aliyewahi kuendesha saiba anajua flashi za wanafunzi huja na virusi gani. Unachomeka, mafaili yote yanageuka njia za mkato, na kufikia saa sita mchana kompyuta zote zimeambukizana. Nilichoka kumlipa fundi kila wiki, nikahamia Linux.

Mwezi wa sita ndio mavuno yetu. Ritani za kodi hufungwa tarehe 30, aliyechelewa anakula faini isiyopungua shilingi 2,000, na sisi Wakenya tunajijua: foleni huanza kunona tarehe 25. Mashine namba moja, iliyo mezani pangu, ndiyo hubeba mzigo. Hapo ndipo naskani, naprinti, na kuwajazia wenye P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, ile fomu ya ritani ya kupakua ya ODS, lahajedwali lenye makro (amri zinazojiendesha) ndani yake, kwa LibreOffice, programu ya ofisi. Huku Firefox ina kurasa kumi na mbili wazi, kwa sababu kila mteja anataka kitu chake na hakuna anayesubiri.

Juni hiyo ikaanza kuganda. Kwanza kipanya kilikuwa kinaburuta miguu. Kisha ukiandika neno, herufi zinakuja baadaye, moja moja. Kisha taa ya diski inawaka bila kupepesa, na ndani ya kasha unasikia krr krr krr, kama kuku anayeparua mabati. Mimi nilikuwa na dawa moja tu: kubonyeza kitufe cha kuwashia hadi ikate roho, kisha kuanza upya. Kwa siku nilifanya hivyo mara tatu, nne. Sijui ni kwa neema gani diski haikufa wiki ile.

Jioni moja nikaamua kuangalia badala ya kubonyeza. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika `free -h` wakati mashine imeanza kulemewa. RAM: 3.7Gi, karibu yote imetumika. Swapu: 1.0Gi, iliyotumika 1.0Gi, iliyobaki sufuri. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua nina swapu ya GB moja tu. Kijana aliyeniwekea Ubuntu 16.04 aliigawa diski kwa mkono wake, nami nikawa naapdeti tu hadi nikafika 20.04 bila kuuliza.

Kwa asiyejua, swapu ni kipande cha diski ambacho mfumo hukitumia RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zinazoendelea, ikijaa. Chukulia RAM ni meza na swapu ni kabati. Meza yangu ni ndogo, kwa hiyo makaratasi ambayo siyashughulikii kwa sasa nayatia kwenye kabati la chuma kule nyuma. Meza inapumua. Lakini nikilihitaji karatasi, lazima niinuke, nifungue kabati, nilitafute, na pengine nirudishe jingine ili lile lipate nafasi. Kabati likiwa kubwa ni sawa. Kazi yote ikihamia kabatini, siku nzima nitakuwa natembea tu. Nusu ya pili ya mfano huu mimi sikuitilia maanani, na ndiyo iliyonigharimu.

Nikampigia fundi mmoja wa Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki mjini Nairobi. Akaniambia, "Swapu huwa mara mbili ya RAM, dada. Weka nane, utanishukuru." Hiyo ni kanuni ya zamani, ya enzi za RAM za kuhesabiwa kwa MB, na haina ubaya mkubwa. Ubaya ni kwamba sikumuuliza swali la pili: nane naiweka wapi, kwa njia gani?

Kulikuwa na njia ya dakika tatu. Mimi nikachagua ya usiku kucha.

Niliamini swapu ni lazima iwe patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa peke yake, kwa sababu ndivyo nilivyoikuta. Diski ilikuwa na `sda1` yenye mfumo wote, kisha `sda2`, ile patisheni ya kubeba nyingine, na ndani yake `sda5`, swapu. Ili `sda5` ikue, ilibidi `sda1` ipunguzwe, na ext4, mpangilio wa mafaili uliokuwa kwenye `sda1`, haipunguzwi ikiwa inatumika. Maana yake unazima, unawasha kwa flashi yenye Ubuntu, unafungua GParted, programu ya kugawa diski, na kuanza upasuaji.

Nilifunga mlango saa tatu usiku. Nakala kamili ya diski sikuwa nayo, na hapo sijitetei. Nilinakili folda ya kazi za wateja kwenye flashi ya GB 32 hadi ikajaa, nikasema Mungu yupo. Kwenye GParted nikakuta `sda5` ina alama ya kufuli na haikubali kuguswa. Nilipoteza dakika ishirini hapo. Kumbe Ubuntu ya flashi nayo ikiona swapu kwenye diski huichukua na kuanza kuitumia. Dawa ni kubofya kulia na kuchagua kuizima. Nikaizima, nikaifuta, nikakata GB 7 mwishoni mwa `sda1`, nikaivuta `sda2` kushoto, nikaunda `sda5` mpya ya GB 8. Nikabonyeza alama ya kijani.

Chini ya jengo letu kuna fundi wa kuchomelea milango. Usiku ule alikuwa na kazi ya haraka. Kila akigusisha chuma, taa ya chumba changu inafifia, halafu inarudi. UPS yangu ilikuwa na betri iliyokufa tangu Krismasi. Nilikuwa naitumia kama soketi. Kwa hiyo nilikaa kwenye stuli nikitazama mstari wa GParted ukitambaa, taa ikififia na kurudi, nikijua stima ikikatika katikati ya kuhamisha data nitaamka bila saiba. Ilichukua kama dakika arobaini. Nilitamani kushuka nimwombe yule jamaa apumzike kidogo, lakini ningemwambia nini?

Ikaisha salama. Nikatoa flashi, nikawasha. Iliwaka, ila kwa kuchelewa: skrini nyeusi, kisha mstari mwekundu unaohesabu sekunde hadi 1min 30s, kisha ikafunguka. Nikasema ni ugeni wa patisheni mpya, itazoea. Nikazima nikaenda kulala. Ule mstari mwekundu ulikuwa umeniambia shida yote, nami sikuusoma.

Asubuhi ya tarehe 28 foleni ilifika hadi kwa jirani anayeuza mitungi ya gesi. Mteja wa nne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, ana P9 yake na ya mume wake kwenye bahasha ya kaki. Fomu ya mume ilikuwa ndefu. Tulikaa nayo karibu saa nzima, yeye akisoma tarakimu kwa sauti ile ya darasani, mimi nikichapa. Pembeni kijana mmoja alikuwa ananisumbua nimskanie cheti na barua zake, kurasa kumi na tisa, kwa ubora wa juu kabisa. Nikakubali. Skana ikaanza kunguruma.

Mashine haikuganda kama kawaida. Ilisita tu kidogo, kisha LibreOffice ikatoweka. Ikawa imebaki picha ya mandhari.

Mwalimu alitazama skrini, akanitazama. "Imeenda wapi, mwanangu?"

Nikamwambia itarudi. Nikafungua upya, ikaniuliza kama irejeshe faili, nikakubali, ikarudi nusu ya kwanza tu, bila makato wala pensheni. Tukaanza tena. Baada ya nusu saa ikatoweka tena, na safari hii mtu kwenye foleni akacheka kwa sauti. Mwalimu alikunja karatasi zake taratibu, moja moja, akazirudisha kwenye bahasha. Hakunifokea. Nikamrudishia shilingi 200 zake, nikamvusha barabara hadi saiba ya yule mshindani wangu, nikamwombea kiti. Aibu ya siku ile bado ninayo.

Niliporudi nilikuwa nailaumu LibreOffice. Ni mchana, foleni ilipopungua, ndipo nikaandika `sudo journalctl -k` na kushuka hadi saa ya tukio. Keneli, kiini cha mfumo, ilikuwa imeandika waziwazi kwamba kumbukumbu imeisha, kwa hiyo imeua mchakato wa `soffice.bin`. Mara mbili. Nikaandika `free -h`. Kwenye mstari wa swapu: 0B. Nikajaribu `swapon --show`, haikutoa hata herufi moja.

Nilikuwa nimepasua diski usiku kucha ili nipate GB 8, na nilichopata ni kunyang'anywa hata ile moja niliyokuwa nayo.

Kilichotokea ni hiki. Kila patisheni ina UUID, mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu unaoitambulisha. Nilipoifuta `sda5` na kuunda nyingine, jina lilibaki `sda5` lakini UUID ikawa mpya. Faili la `/etc/fstab`, ambalo huuambia mfumo uunganishe nini unapowaka, lilikuwa bado linaitaja UUID ya marehemu. Mfumo ukawa unamsubiri kwa sekunde 90, anakosekana, unaendelea bila swapu.

Kurekebisha ni jambo dogo ukishajua. `sudo blkid` ilinionyesha UUID mpya. Nikafungua fstab, na hapo kwa haraka nikafanya kosa jingine: nikaichapa kwa mkono nikiitazama kwenye dirisha la pili. Nikachanganya 8 na b. Niliponusurika ni kwa sababu safari hii nilijaribu kabla ya kuzima, kwa `sudo swapon -a`, amri inayosoma fstab papo hapo. Ikalalamika haioni kifaa. Nikanakili na kubandika, ikakubali kimya. Kama kuna kitu kimoja utakachochukua kwangu, chukua hicho: gusa fstab, kisha `sudo swapon -a` na `swapon --show` kabla ya kuwasha upya. Na kabla ya yote, `sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`. Mstari wa swapu ukikosewa, adhabu ni kuchelewa tu. Mstari wa diski nyingine ukikosewa, mashine inaweza kugoma kuwaka na kukutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura.

Bado ikabaki sekunde kama 30 za kusubiri mwanzoni kabisa. UUID ya zamani ilikuwa imejificha pia kwenye `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, faili linalotumika kuamsha kompyuta iliyolazwa kwa kuhifadhi kila kitu kwenye swapu. Nikaibadilisha na hapo, nikamalizia kwa `sudo update-initramfs -u`. Miezi baadaye nilijua ningeweza kuyakwepa yote haya. Baada ya kuunda patisheni mpya na kabla ya kuiwasha, unaipa UUID ileile ya zamani kwa `sudo mkswap -U` ukifuatisha na ule mlolongo na jina la patisheni. Mfumo hautajua hata kwamba kulikuwa na msiba.

Tarehe 29 na 30 mashine haikuua kitu chochote. Lakini niseme ukweli kuhusu hizo GB 8: mashine haikuwa na kasi. Ilikuwa hai, basi. Nikiwa na skani kubwa ilikuwa inaingia kwenye krr krr krr yake, dakika mbili, tatu, halafu inatoka upande wa pili ikiwa nzima. Nilizoea kuandika `vmstat 1` na kutazama safu mbili, `si` na `so`: kinachotoka swapu kuingia RAM, na kinachotoka RAM kwenda swapu. Zikiwa sufuri muda mwingi, swapu iliyojaa haina neno, ni makaratasi yaliyolala kabatini. Zikiwa na tarakimu kubwa mfululizo, umepungukiwa na RAM, na kuongeza kabati ni kujiongezea safari.

Kilichonisaidia kuliko swapu kilikuwa bure. Ukurasa wa A4 wa rangi ukiskaniwa kwa dpi (nukta kwa inchi) 600 ni kama pikseli 4,960 kwa 7,016, na kila pikseli baiti tatu. Hiyo ni zaidi ya MB 100 kwa ukurasa mmoja kabla haujabanwa. Kurasa kumi na tisa za yule kijana zilikuwa karibu GB 2, nusu ya RAM yangu, kwa sababu ya cheti na barua. Kwa dpi 300 ukurasa huohuo ni kama MB 26. Skana yangu sasa imekaa kwenye 300 na anayetaka 600 anieleze kwa nini.

Julai nikaenda mjini kununua RAM. Nikarudi na kipande kisichoingia. Nilikuwa nimenunua DDR4, kizazi kipya cha RAM, mashine yangu ni ya DDR3, pengo lake limekaa mahali tofauti na hakuna kusukuma kutakakosaidia. Muuzaji alikubali kunibadilishia, lakini nauli ya matatu kwenda na kurudi ilikuwa yangu. `sudo dmidecode -t memory` ingeniambia aina, kasi na nafasi zilizo wazi kabla sijatoka nyumbani. Ile GB 4 ya pili ilinila shilingi 2,500, na ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule. Namba moja ina GB 8 sasa, na swapu yake hulala siku nzima.

Nilichezea pia `vm.swappiness`, namba inayoamua mfumo ukimbilie swapu kwa wepesi gani, ambayo kwa kawaida ni 60, nikaishusha hadi 10 kama wanavyoshauriana watu. Nikiwa mkweli, sikuona tofauti ya kuandikia nyumbani.

Mashine nyingine nne sikuzigusa patisheni. Swapu inaweza kuwa faili la kawaida, na Ubuntu yenyewe tangu 17.04 huweka faili mtu asipogawa diski mwenyewe. Niliiacha ile GB 1 ya zamani ilivyo, nikaongeza faili la GB 3 kando yake, kwani zote mbili hufanya kazi pamoja bila ugomvi:

`sudo fallocate -l 3G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Kisha mstari mmoja mwishoni mwa fstab: `/swapfile none swap sw 0 0`. Hakuna flashi, hakuna kuzima, mteja wa pembeni aliendelea na barua yake ya kuomba kazi. Ile `chmod` usiiruke, hasa ukiwa na saiba: ndani ya swapu hubaki mabaki ya yaliyokuwa kwenye kumbukumbu, paswadi za watu zikiwemo, na si haki mtumiaji mwingine wa mashine aweze kulisoma faili hilo. Kama diski yako ni ya btrfs, mpangilio wa mafaili tofauti na ext4, utaratibu ni mwingine, usifuate huu.

Kuna watakaokuambia utumie `dd`, amri ya kunakili data, badala ya `fallocate` kuunda faili hilo. Inafanya kazi vizuri. Ila soma mara mbili ulichoandika baada ya `of=`, kwa sababu ukiweka `/dev/sda` pale, itaandika juu ya diski yenyewe na hakuna atakayekuuliza kama una uhakika.

Na kama tayari una faili na unataka kulikuza, kumbuka `swapoff`, amri ya kuizima swapu, hukirudisha kwenye RAM kila kilichomo ndani ya swapu. RAM ikiwa imejaa, amri itakwama au itakataa. Funga programu kwanza, au unda faili la pili, uliwashe, ndipo uzime la kwanza.

Mwalimu alirudi Juni iliyofuata, bahasha ileile ya kaki. Aliuliza kabla hajaketi, "Hii yako bado inatoroka na kazi za watu?" Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe: iliyotumika, sufuri. Sidhani ilimwambia kitu. Alivuta kiti, akaanza kunisomea tarakimu.

Namba nne ndiyo iliyobaki kunitesa. Niliipa faili kama wenzake na bado ikawa inaganda, hata ikiwa na RAM ya kutosha, hadi nilipoendesha `sudo smartctl -a /dev/sda` na kukuta sekta mbovu zinaongezeka kila nikitazama. Kabati lenyewe limeoza. Nimeizima swapu yake, nimeiacha iwe ya watoto kufanyia mazoezi ya kuchapa, na kwenye kopo la chenji kuna karatasi niliyoiandika "SSD", diski isiyozunguka. Kufikia jana jioni kulikuwa na shilingi 1,150.